Ala Kwenye Kifundo: Safari ya Kuitambua Mimea ya Familia ya Bakwiti, kutoka Tanga hadi Magamba

Familia ya mimea iitwayo kitaalamu Polygonaceae, ambayo Antoine Laurent de Jussieu aliitenga mwaka 1789 na ambayo leo inahesabiwa kuwa na spishi takribani 1,200 duniani, inafahamika zaidi kwa mmea mmoja unaolimwa, nao ni bakwiti, Fagopyrum esculentum, ambao mbegu zake zenye pembe tatu husagwa unga wa tambi huko Japani na hupikwa uji mzito huko Urusi. Bakwiti huwekwa pamoja na nafaka kwa sababu ya matumizi yake, lakini hauna undugu wowote na ngano, mtama au mpunga, ambayo yote ni aina za nyasi. Majani yake ni mapana, maua yake meupe au ya waridi hupendwa na nyuki, na asili yake ni milima ya kusini-magharibi mwa China, ambako mtaalamu wa Kijapani Ohmi Ohnishi aliutambua mmea wa mwituni uliouzaa, katika jimbo la Yunnan, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Afrika Mashariki haikurithi zao hilo, lakini ndugu zake wa porini imejaliwa kwa wingi, nao hukanyagwa njiani, hung'olewa mashambani kama magugu, hutafunwa na wachungaji kwa ajili ya uchachu wao, na ni nadra sana kutazamwa kwa makini. Njia inayotoka Tanga mjini, ikapita Muheza, Segera na Korogwe, kisha ikaacha barabara kuu pale Mombo na kupanda milima ya Usambara Magharibi hadi Lushoto na msitu wa Magamba, humpitisha msafiri katika makazi ya karibu kila aina kuu ya mimea hiyo iliyoko Tanzania, kuanzia mchanga wa pwani usiozidi mita chache juu ya bahari hadi ukungu wa mita 2,000 na zaidi. Ndiyo sababu njia hiyo ilichaguliwa kwa safari inayosimuliwa hapa, iliyofanywa masika yalipokwisha, kwa maana ndio wakati ambao mingi ya mimea hiyo huwa na maua na matunda kwa pamoja, na bila matunda kazi ya utambuzi huishia nusu.

Kabla msafiri hajafuatwa njiani, ni lazima sifa mbili zielezwe, kwa kuwa ndizo zitakazorudiwa kila atakaposimama. Ya kwanza iko kwenye shina. Katika mimea mingi, penye shina la jani huota vijani viwili vidogo vya pembeni, ambavyo wataalamu huviita stipuli. Katika familia hii stipuli hizo zimeungana zikawa mrija mwembamba, mara nyingi wa utando mkavu, unaolizunguka shina juu kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapochipukia, jinsi pindo la mkono wa kanzu linavyozunguka kifundo cha mkono. Mrija huo huitwa okrea, na katika maelezo haya utaitwa ala. Sifa ya pili ni tunda, ambalo ni kavu, lina mbegu moja tu, halipasuki lenyewe, na kwa kawaida lina pembe tatu au ni bapa kama kitone kilichobanwa pande mbili. Tunda la namna hiyo huitwa akeni. Ua lenyewe ni dogo, nalo halina tofauti ya wazi kati ya sepali za kijani na petali za rangi, bali vipande vyake vyote vinafanana na kuitwa tepali, na jambo la kushangaza ni kwamba tepali hizo hazianguki baada ya ua kuzeeka, bali hubaki zikilifunika tunda, na katika spishi nyingi ndizo zinazokua na kuwa mabawa, miiba au meno yenye kulabu. Kwa hiyo, anayetaka kuijua mimea hii asianze na rangi ya ua wala umbo la jani, mambo mawili ambayo watu wengi huyakimbilia. Aanze na kifundo, kisha amalizie na tunda, kwa sababu kifundo humwambia kuwa yumo katika familia hii, na tunda humwambia ni nani aliyeko mbele yake na husafiri kwa njia gani.

Mjini Tanga somo la kwanza lilikuwa la kutahadharisha. Juu ya kuta na milango ya nyumba za zamani hutambaa mmea wenye vishada vya maua ya waridi iliyokolea, yenye tepali za umbo la moyo, na majani ambayo nayo yana umbo la moyo, ambao wenye bustani huupanda kwa uzuri wake. Jina lake la kitaalamu ni Antigonon leptopus, asili yake ni Meksiko, nao ni mwanafamilia kamili wa Polygonaceae. Hata hivyo, msafiri aliyeinamia vifundo vyake kwa lenzi ya kukuza mara kumi hakukuta ala ya kuonekana, isipokuwa mstari hafifu tu unaolizunguka shina, kwa kuwa katika mmea huu ala imepungua karibu kutoweka. Ni vizuri mwanafunzi akutane na mfano huu mapema, ili ajue kwamba alama ya familia ina nguvu kubwa lakini haiwi sawasawa kwa wote, na kwamba ikikosekana kwenye shina, lazima uthibitisho utafutwe kwenye ua lenye tepali zisizoanguka na kwenye akeni yenye pembe tatu iliyojificha ndani yake.

Kutoka Tanga barabara hupita kwenye minazi na michungwa ya Muheza, kisha kwenye mashamba ya mkonge ambayo yameupa mkoa huu sura yake tangu enzi ya Wajerumani, na kwenye pembezoni mwa mashamba hayo, penye udongo uliotifuliwa na kuachwa, ndipo inapostawi mbigiri ambayo wataalamu huiita Oxygonum sinuatum. Karibu na Korogwe, pembeni mwa shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, msafiri alipiga goti na kuanza kuinua shina moja lililolala chini, na mama aliyekuwa akikusanya mabua akamwonya kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuumizwa mara nyingi.

"Shika kwa uangalifu, mwanangu, hiyo ni mbigiri. Ikikuingia kisiginoni, siku nzima hutembei vizuri."

"Shikamoo, mama. Natafuta tunda lake, sitafuti ua."

"Marahaba. Tunda ndilo hilo linalochoma."

Na kweli ndilo. Tunda la Oxygonum sinuatum limechongoka pande zote mbili, na katikati yake hutokeza miiba mitatu iliyoelekea nje pande tatu, kiasi kwamba vyovyote litakavyoanguka, hapana budi mwiba mmoja uelekee juu ukisubiri unyayo, kwato au tairi la baiskeli. Majani yake ni membamba penye kikonyo, na kingo zake zimeingia na kutoka kwa mawimbi makubwa. Maua yake, meupe au ya waridi hafifu, hukaa moja moja au machache machache kwenye kikonyo kirefu kilichosimama. Na penye kila kifundo ipo ala fupi ambayo ukingo wake wa juu umepambwa kwa nywele ngumu zinazoonekana hata bila lenzi. Uchachu wa majani yake machanga hutoka kwenye asidi oksaliki, ambayo ni ya kawaida katika familia hii, na kwa sababu hiyo majani hayo huliwa kama mboga katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania, ingawa wingi wa asidi hiyo haumfai mtu mwenye matatizo ya figo.

Jina la mbigiri, hata hivyo, halitoshi kwa utambuzi, kwa sababu wasemaji wa Kiswahili huliita kwa jina hilo kila gugu linalotambaa na kuchoma, na hasa Tribulus terrestris, ambayo huota mahali palepale na huumiza vilevile. Tofauti zake ni kubwa kwa anayejua pa kutazama: Tribulus ina majani yaliyogawanyika vijani vingi vidogo vilivyopangwa jozi jozi, ina maua ya manjano yenye petali tano, tunda lake hupasuka vipande vitano vyenye miiba, na vifundo vyake havina ala hata kidogo. Iko pia mbigiri ya tatu, Emex australis, iliyotoka kusini mwa Afrika na kuenea kama gugu, ambayo kwa hakika ni ya familia ya bakwiti. Hiyo hutofautishwa na Oxygonum kwa kuwa miiba yake mitatu imekaa kwenye pembe za juu za tunda, wala haikai katikati. Mwiba wa katikati na mwiba wa juu ni jambo dogo machoni pa anayetaka tu kuung'oa asiumie, lakini kwa mtambuzi ndilo linalotenga jenasi moja na nyingine.

Mto Pangani hupita Korogwe ukiwa mpana na wenye rangi ya udongo, na kwenye kingo zake, pale maji yanapopungua kasi na kuacha tope, kulikuwa na vichaka vya kijani vilivyopita urefu wa mtu, vyenye mashuke ya maua ya waridi yaliyoinama. Huo ni Persicaria senegalensis, mmea ulioenea katika maji ya karibu Afrika yote ya tropiki, na hapa ala ilionekana kwa ukubwa ambao hauwezi kumpita mtu: mrija wa utando wa kahawia, mrefu kuliko kipingili cha kidole, ulioshikana na shina na kukatika juu kwa mstari ulionyooka usio na nywele. Msafiri alipogeuza jani na kulitazama kwa lenzi upande wa chini, aliona vitone vingi vya tezi, ambavyo pamoja na ala isiyo na nywele hukamilisha ushahidi. Hatua chache kutoka hapo, kwenye tope lilelile, kulikuwa na mmea mwingine ambao majani yake yalikuwa na manyoya meupe kama pamba, na ambao kwa mtu asiye na uzoefu ungepewa jina jingine, lakini R. A. Graham, aliyeandika sehemu ya familia hii katika kazi kubwa ya Flora of Tropical East Africa mwaka 1958, alionyesha kwamba huo ni umbo tu la spishi ileile, akaliita albotomentosum, kwa kuwa ala, ua na tunda havina tofauti.

Kando ya maji kulikuwa pia na Persicaria decipiens, iliyo nyembamba na yenye kutambaa, inayotoa mizizi kwenye vifundo vyake vya chini inapogusa tope, na hiyo hujulikana kwa ala yenye nywele ngumu zilizopangwa ukingoni. Anayesoma kitabu cha Graham ataikuta chini ya jina la Polygonum salicifolium, na ile ya kwanza ataikuta kama Polygonum senegalense, kwa sababu kwa muda mrefu wataalamu waliikusanya mimea hii yote katika jenasi moja pana ya Polygonum iliyoasisiwa na Linnaeus mwaka 1753, kabla hawajarejea kwenye jenasi ya Persicaria ambayo Philip Miller aliitambua mwaka mmoja tu baadaye. Badiliko hilo huwasumbua wasomaji, na si haki kuwaficha. Mwenye kufanya kazi hii Afrika Mashariki hana budi kuyajua majina yote mawili, la zamani ili aelewe vitabu, na la sasa ili aeleweke na wenzake.

Persicaria senegalensis inastahili kukaliwa kidogo zaidi, kwa sababu ina uhusiano na ugonjwa ambao wakazi wa kingo za mito wanaujua vizuri. Kichocho huenezwa na vijidudu ambavyo sehemu ya maisha yao huishi ndani ya konokono wa maji baridi, na mwaka 1978 watafiti Maradufu na Ouma walichapisha habari za kemikali ya kundi la kalkoni waliyoitoa katika mmea huu, yenye uwezo wa kuua konokono hao. Matokeo hayo hayakuugeuza mmea kuwa dawa ya kutiwa mtoni, lakini yanaonyesha kwa nini utambuzi sahihi si anasa ya wasomi: anayeuchanganya mmea huu na decipiens iliyo karibu nao, kisha akapeleka maabara majani yasiyo yenyewe, ataharibu kazi ya miaka, na hakuna atakayegundua kosa isipokuwa sampuli kavu iliyohifadhiwa ina ala na matunda ya kushuhudia. Akeni za senegalensis ni bapa, nyeusi na zenye kung'aa, na kwa kuwa hukomaa juu ya maji, mkondo wenyewe ndio unaozipeleka chini hadi kwenye tope jipya.

Pale Mombo barabara huacha joto la bonde na kuanza kupanda, ikipinda kwenye ukuta wa mawe kwa takribani kilomita 33 hadi Lushoto, na msafiri aliyekaa dirishani huona mabadiliko ya uoto yakipita haraka kuliko maelezo. Mibuyu na miiba ya chini huisha, migomba na mibuni huanza, na ghafla, kabla na baada ya mji mdogo wa Soni, kingo za barabara zilizochongwa kwenye udongo mwekundu hufunikwa na kichaka kinachong'aa kwa vishada vikubwa vya rangi inayoanzia kijani hafifu, ikapita kwenye waridi, ikaishia kwenye wekundu wa kutu. Abiria wengi hudhani hayo ni maua. Si maua, ni matunda, na kichaka hicho ni Rumex usambarensis, mmea ambao jina lake lina milima hii ndani yake na ambao, kwa maoni ya mwandishi wa maelezo haya, ndio wa kupendeza kuliko wote katika familia yake upande huu wa Afrika.

Msafiri aliteremka Soni na kutembea kwa miguu kurudi nyuma hadi kwenye ukingo wa kwanza wenye kichaka hicho. Kilikuwa kimeegemea mti wa mkenge, matawi yake membamba yakipita katikati ya matawi ya mti huo hadi juu ya kichwa cha mtu, na majani yake yalikuwa madogo, membamba, mengi yakiwa na masikio mawili penye kikonyo yaliyochomoza kando. Ala ilikuwepo, lakini ilikuwa imekauka na kuchanika vipande vya utando mwembamba, kama ilivyo kawaida ya jenasi ya Rumex, na iliyokuwa nzima ilipatikana tu kwenye vifundo vichanga karibu na ncha. Hapa ndipo wengi wanaoanza hukata tamaa, na ndipo wanapopaswa kukumbuka kutafuta kifundo kichanga. Kila tunda lilikuwa akeni ndogo ya kahawia yenye pembe tatu, iliyobanwa kati ya mabawa matatu ya duara, membamba kiasi cha kupitisha mwanga, yenye mishipa ya wavu iliyoonekana waziwazi chini ya lenzi. Mabawa hayo ndiyo zile tepali tatu za ndani za ua, zilizoendelea kukua baada ya uchavushaji, na upepo wa alasiri unaopanda kutoka bondeni ulipopita, mengine yaling'oka na kuvuka barabara yakielea.

Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi jirani na hapo alichuma ncha changa, akaitafuna bila kuulizwa, akaeleza kwamba huondoa kiu. Uchachu huo ni msaada kwa mchungaji, lakini ni ushahidi dhaifu kwa mtambuzi, kwa sababu mimea ya jenasi ya Oxalis, isiyo na undugu na hii, ina asidi ileile na ladha ileile. Na zaidi ya hapo, kuonja mmea kabla ya kuujua ni mwenendo ambao haupaswi kufundishwa kwa mtu yeyote.

Aliyeupa mmea huo jina la usambarensis ni Udo Dammer, mtaalamu wa Berlin, ambaye kwanza aliuona kuwa ni namna tu ya Rumex nervosus, kichaka cha Ethiopia na Yemeni, kabla hajautenga kuwa spishi kamili. Berlin ya wakati huo ilikuwa ikipokea mimea mingi iliyokaushwa kutoka milima hii, hasa ile iliyokusanywa na Carl Holst mwanzoni mwa miaka ya 1890, na sehemu kubwa ya hazina hiyo iliteketea usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, jengo la hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, liliposhambuliwa kwa mabomu. Wakazi wa Usambara wanaopita kila siku kwenye vichaka hivyo hawana habari kwamba vielelezo vya mimea ya milima yao viliteketea mbali kiasi hicho, na ni jambo la kusikitisha kwa dhati, kwa kuwa kila karatasi iliyoteketea ilikuwa na mahali, tarehe na mkono wa mtu aliyepanda milima hii wakati misitu yake ilikuwa mikubwa zaidi.

Lushoto, mji uliokuwa ukiitwa Wilhelmstal chini ya Wajerumani, uko kwenye mita takribani 1,400, na mashamba yake ya mbogamboga, yenye kabichi, karoti na viazi vilivyopandwa hadi ukingoni mwa vijito, yana wanafamilia wawili wasiofanana hata kidogo. Wa kwanza ni Persicaria nepalensis, gugu dogo linalotambaa kati ya matuta ya viazi, lenye vichwa vya duara vya maua meupe au ya waridi vinavyokaa juu ya jani dogo, na lenye kikonyo cha jani kilichotanuka pande zote mbili hadi kulikumbatia shina. Wa pili ni Rumex abyssinicus, ulioota peke yake nyuma ya banda, ukiwa na shina nene lililosimama, refu kuliko mtu, na majani makubwa ya pembetatu yenye masikio mapana. Mizizi yake minene yenye rangi ya manjano inayoelekea wekundu hutumika Ethiopia kusafishia na kutia rangi siagi. Mmea huu na usambarensis huchanganywa kwa kuwa yote miwili ina masikio kwenye majani na mabawa kwenye matunda, lakini mmoja ni kichaka chenye matawi ya mti yanayoegemea, na mwingine ni mmea mnofu unaochipuka upya kutoka kwenye shina la chini ya ardhi.

Katika mashamba hayohayo msafiri alikutana na udanganyifu ambao ni lazima uelezwe, kwa sababu humpata kila anayejifunza kutafuta ala. Commelina, gugu lenye maua ya buluu ambalo wafugaji wa sungura hulikata kwa ajili ya mifugo yao, nalo lina ala kwenye kifundo, na wakati mwingine ina nywele ukingoni. Tofauti iko hivi: ala ya Commelina ni sehemu ya chini ya jani lenyewe, imeungana na ubapa wa jani bila kikonyo kati yake, na mishipa ya jani hilo huenda sambamba kutoka shina hadi ncha, ilhali ala ya familia ya bakwiti ni utando uliojitenga, jani huning'inia nje yake kwa kikonyo chake, na mishipa ya jani hutawanyika kutoka mshipa mmoja wa kati. Kidole kinachovuta jani taratibu kuelekea chini hutoa jibu haraka kuliko kitabu.

Hebaria iliyoko Lushoto, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, ni mojawapo ya mahali pachache nchini ambapo mtu anaweza kuweka mmea wake mbichi kando ya ule uliokaushwa zamani na kulinganisha. Undugu wake wa kihistoria uko Amani, upande wa pili wa bonde la Lwengera, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, na ambako mkusanyo wa mimea ulihamishwa kwenda Nairobi mwaka 1950 na kuwa kiini cha Hebaria ya Afrika Mashariki. Msafiri alifungua kibanio chake cha kukaushia mimea, magazeti yakiwa bado na unyevu, na mtunza hebaria akapitisha macho juu ya karatasi ya kwanza, akageuza ya pili, akaitenga ya tatu.

"Hii umenikatia maua tu, ndugu. Kifundo kiko wapi?"

Ilikuwa ni karatasi ya Persicaria iliyochukuliwa kwenye kijito chini ya Soni, nzuri kwa macho na isiyo na thamani kwa kazi, kwa kuwa bila ala haiwezekani kusema kama ni decipiens au setosula, ambayo hutofautiana nayo hasa kwa ala yenye nywele ndefu na ngumu zaidi. Mtunza huyo aliirudisha bila kuilaumu, akaeleza jambo ambalo vitabu hulitaja kwa haraka mno, kwamba karatasi inayofaa ya familia hii ni ile yenye shina lenye vifundo viwili au vitatu, kimoja kikiwa kichanga, jani la chini na jani la juu kwa kuwa maumbo yao hutofautiana, maua, matunda yaliyokomaa, na kwa mimea ya mizizi minene, kipande cha mzizi kilichopasuliwa ili rangi yake ionekane; na kwamba rangi ya ua, harufu, na kama mmea ulikuwa umesimama majini au nje ya maji, viandikwe papo hapo, kwani hivyo hupotea mmea unapokauka.

Magamba iko juu ya Lushoto, na barabara inayoelekea Mlalo na Mtae huipita ikiwa ndani ya msitu wenye ukungu, miti mirefu ya podo na mikamfa ikiwa imejaa kuvu na okidi. Kuingia na kukusanya humo huhitaji kibali, kwa kuwa ni hifadhi ya mazingira asilia, na msafiri alibaki kwenye njia ya ukingoni, ambako mwanga hufika na udongo huwa na maji mwaka mzima. Hapo aliikuta Rumex bequaertii, iliyopewa jina na Émile De Wildeman kwa heshima ya Joseph Bequaert, Mbelgiji aliyekusanya mimea na wadudu nchini Kongo mwanzoni mwa karne ya 20. Si kichaka, wala haina masikio. Ina majani mapana ya chini yaliyokaa karibu na ardhi, shina moja lililosimama, na matunda yaliyopangwa mafungu mafungu kuzunguka shina kwenye kila kifundo. Tofauti na mabawa laini ya usambarensis, tepali za tunda lake zina meno marefu ukingoni, na kila jino huishia na kulabu. Mkono wa sweta ya msafiri, baada ya kupita katikati ya mimea hiyo mara moja tu, ulikuwa umebeba matunda ya kutosha kwa karatasi kadhaa, na mbwa wa wakata kuni waliokuwa wakishuka alikuwa ameyabeba mengine mkiani.

Kulabu hizo huurudisha mjadala kwenye bakwiti yenyewe. Katika misitu ya milima ya Uganda na ya nchi nyingine za Afrika ya tropiki hupatikana mmea mwembamba unaopanda juu ya mingine, ambao J. D. Snowden, mtaalamu wa kilimo aliyefanya kazi Uganda na ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri cha aina za mtama, aliukusanya, nao wataalamu wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, Hutchinson na Dandy, wakauita Harpagocarpus snowdenii mwaka 1926, wakauwekea jenasi yake pekee kwa sababu tunda lake limefunikwa kwa nywele ngumu zenye kulabu, jambo ambalo halionekani katika bakwiti yoyote ya Asia. Mwaka 1988 S. P. Hong alichunguza chembe za chavua yake, yaani unga wa uzazi wa kiume wa ua, akazikuta zikilingana na za Fagopyrum, na akauhamishia humo kwa jina la Fagopyrum snowdenii. Kama hukumu hiyo inakubaliwa, na sababu zake ni nzito, basi Afrika Mashariki ina bakwiti yake ya mwituni. Mtu anaweza kuichanganya na Fallopia convolvulus, gugu la kigeni linalojisokota kwenye mabua ya ngano na lenye majani ya umbo la moyo yanayofanana nayo. Lakini Fallopia huota kwenye mashamba yaliyolimwa na tunda lake halina kulabu, ilhali snowdenii hutafutwa kwenye ukingo wa msitu wa mlima, penye unyevu, na huthibitishwa kwa kupitisha kitambaa cha sufu juu ya matunda yake yaliyokomaa na kuona kama yatanasa.